Mshauri Asiye na Cha Kuuza

Mtu wa kawaida wa Dar es Salaam au Mombasa hakosi washauri wa pesa. Ofisa mikopo humfuata gengeni na fomu mkononi. Wakala wa bima humpigia simu jioni. Simu yenyewe humletea ujumbe kwamba amefuzu kukopa bila dhamana. Kanisani au msikitini yupo ndugu aliyejiunga na mpango unaolipa kila wiki, naye anatafuta wa kumleta chini yake. Wote hao wanashauri, na ukiwachunguza, kila mmoja ana kitu cha kuuza: mkopo, bima, programu ya simu, au kamisheni ya kuleta mtu mpya. Asiyepatikana kirahisi ni yule atakayekaa naye, apige naye hesabu, kisha aondoke bila kuambulia chochote kutokana na uamuzi utakaofanyika.

Pengo hilo ndilo wanaojitolea kufundisha masuala ya fedha wanalijaza, au wanajaribu kulijaza. Ni mhasibu anayekaa na kikoba, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, cha mtaani kwake Jumapili mchana, mwalimu mstaafu anayekagua daftari la kikundi cha akina mama, au kijana wa benki anayewaeleza wenzake wa parokia maana ya vipande na hatifungani. Kazi yao inasifiwa sana na kupimwa kidogo. Inasaidia wapi? Inaharibu wapi? Na ni masharti gani yanayoitenga na ule ushauri mwingine wa bure ambao mwisho wake watu hulia?

Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba thamani kubwa ya anayejitolea haimo katika wingi wa elimu yake. Imo katika kutokuwa na maslahi kwenye uamuzi wa anayemsaidia. Elimu ya kutosha kwa kazi hii wanayo wengi. Kutokuwa na maslahi ndiko adimu, na ndiko kunakopotea haraka kusipolindwa.

Milango imefunguliwa

Miaka 20 iliyopita tatizo la mtu wa kipato cha chini lilikuwa kuufikia mlango wa benki. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, mlango ulihamia mfukoni. Utafiti wa FinScope wa mwaka 2023 ulionyesha kuwa asilimia 76 ya watu wazima Tanzania wanatumia huduma rasmi za fedha, kutoka asilimia 65 mwaka 2017. Kenya, utafiti wa FinAccess wa mwaka 2024 ulikuta kiwango hicho kimefika karibu asilimia 85.

Lakini mlango ukifunguliwa hauchagui wa kuingia. Simu ileile inayomwezesha mama wa Tandale kuweka akiba ya Sh2,000 humwezesha pia mkopeshaji asiye na leseni kumfikia usiku wa manane. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha watu mtandaoni bila kibali chake. Programu nyingi za namna hiyo zilijijengea sifa mbaya kwa kuwapigia simu ndugu na majirani wa mkopaji na kumwaibisha.

Mahitaji ya watu, basi, yamebadilika. Zamani mwelimishaji alikuwa na ujumbe mmoja: weka akiba, fungua akaunti. Leo anayekuja kuomba msaada anaweza kuwa na madeni matatu kwenye simu, kikoba kimoja cha mtaani, mchango wa harusi ya binamu, na swali kuhusu hisa alizosikia zikitangazwa redioni. Mambo hayo hayafundishwi kwa hotuba moja. Ushauri wa madeni, wa akiba na wa uwekezaji ni kazi tatu tofauti, kila moja na hatari zake, na anayejitolea hana budi kujua yuko kwenye ipi.

Hesabu ya mkopo mmoja

Tuanze na madeni, kwa kuwa hapo ndipo msaada wa bure huonekana upesi. Chukua mfano wa mama lishe aliyekopa kwa wakopeshaji wa riba kubwa wanaoitwa kausha damu. Mkataba unasema Sh200,000. Binti wa chuo aliyejitolea anamuuliza maswali machache tu:

“Mama, siku ile ulipewa ngapi mkononi?”

“Laki moja na elfu themanini. Elfu ishirini walisema ya fomu.”

“Marejesho kila siku?”

“Elfu kumi. Siku ishirini na sita, Jumapili hawaji.”

Wanazidisha pamoja: Sh260,000. Mama amepokea 180,000 na atarudisha 260,000. Tofauti ni Sh80,000, yaani zaidi ya asilimia 44 ya alichopokea, ndani ya mwezi. Na hesabu haijaisha. Kwa kuwa anarudisha kila siku, pesa ya mkopo inapungua mkononi mwake kila siku. Ukichukua wastani wa mwezi mzima, amekaa na karibu nusu tu ya kile alichopewa. Bei halisi ya kuitumia pesa hiyo inakaribia mara mbili ya hiyo asilimia 44. Kanuni zinazosimamia wakopeshaji wa aina hiyo wenye leseni Tanzania zinataka riba isizidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa Sh200,000 hiyo ni Sh7,000.

Hesabu hii haihitaji shahada. Inahitaji mtu mwenye dakika 20, kalamu, na asiyekuwa na haraka ya kusaini chochote. Ofisa mikopo anaijua vizuri kuliko binti wa chuo, ila mshahara wake hautokani na kuieleza.

Hata hivyo, kosa la kwanza la wanaojitolea huwa hapa. Wakishaona namba, wanahitimisha kuwa mama alikopa kwa kutojua. Mara nyingi alijua. Alihitaji pesa saa ile, mtoto amerudishwa nyumbani kutoka shule au mtaji umeliwa na matanga, na benki ingemzungusha wiki mbili kisha imwombe hati ya nyumba asiyokuwa nayo. Kausha damu walimpa ndani ya saa moja na kushika kadi yake ya benki au kitambulisho. Kumwambia riba ni kubwa bila kumwonyesha njia nyingine ni kumwongezea aibu juu ya deni. Kazi yenye manufaa ni kutafuta naye hiyo njia: je, kikoba chake kina mfuko wa jamii unaoweza kumkopesha dharura? Je, mkopeshaji ana leseni, na kama hana, alalamike wapi? Je, kikundi chake kinaweza kuomba ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu? Mikopo hiyo inadai kikundi kilichosajiliwa, katiba, akaunti ya benki na andiko la mradi. Vikundi vingi hukwama kwenye makaratasi hayo, na mtu aliyezoea makaratasi anaweza kuwasaidia kuyamaliza kwa jioni chache.

Kikoba kama shule

Kwenye akiba, anayejitolea hafiki mahali patupu. Watu wa Afrika Mashariki walikuwa wakicheza upatu na kuendesha vyama kabla wataalamu hawajawa na jina la elimu ya fedha. Mfumo wa vikundi vya kuweka na kukopa vijijini ulianzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, kwa wanawake wa eneo la Maradi, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulikuwa umeshafika Zanzibar, kwenye vijiji vinavyouzunguka msitu wa Jozani. Tanzania Bara, vikundi vya namna hiyo viitwavyo VICOBA vilienea hadi neno kikoba likawa la kila mtaa.

Utaratibu wake umejaa busara. Wanachama 15 hadi 30, sanduku lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti ambao si viongozi wa fedha. Kila mkutano mwanachama hununua hisa, kwa kawaida kuanzia moja hadi tano, na hisa hupigwa mhuri kwenye kijitabu ili hata asiyejua kusoma ahesabu mihuri yake. Pesa huhesabiwa mbele ya wote na kutajwa kwa sauti. Mwisho wa mzunguko, baada ya mwaka hivi, kikoba kinavunjwa na kila mtu anapata mgawo wake.

Hapo kwenye kuvunja kikoba ndipo mwenye hesabu anapohitajika. Tuseme hisa ni Sh2,000 na kikundi kimeuza hisa 3,000, yaani Sh6,000,000. Baada ya riba za mikopo na faini, sanduku lina Sh7,200,000. Kila hisa sasa ni Sh2,400. Mwenye hisa 120 aliweka 240,000 na anachukua 288,000. Watu wanapiga vigelegele: faida ya asilimia 20!

Mwelimishaji mzuri huacha vigelegele vipite, kisha anauliza faida hiyo imetoka kwa nani. Haikutoka nje ya chumba. Imetoka mifukoni mwa wanachama waliokopa. Aliyeweka sana na kukopa kidogo amefaidika, na aliyekopa sana na kuweka kidogo ndiye aliyemlipa. Ikiwa mkopaji alinunua mashine ya kukamua juisi ikazaa, wote wameshinda. Ikiwa alilipia sherehe, kikundi kimehamisha pesa kutoka kwa mnyonge kwenda kwa mwenye nafasi, kwa tabasamu. Muuza bidhaa hana sababu ya kuuliza swali hilo, na viongozi wa kikoba huona haya kuliuliza. Mgeni anayeaminika anaweza, na kikundi kinaweza kuamua kushusha riba mzunguko ujao.

Tanzania ilivitambua vikundi hivi kisheria kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, iliyogawa watoa huduma katika madaraja manne na kuviweka vikundi vya kijamii daraja la nne. Usajili ukaleta kazi nyingine ya kujitolea: kuandika katiba, kuweka kumbukumbu, kueleza wanachama haki zao pale mweka hazina anapotoweka.

Uwekezaji, na mpaka wa sheria

Kwenye uwekezaji mambo hubadilika sura. Mtu aliyemaliza madeni na kuzoea akiba atauliza siku moja: sasa niweke wapi? Na majibu yapo. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza mauzo mwaka 1998. UTT, taasisi ya mifuko ya uwekezaji wa pamoja iliyoundwa na serikali mwaka 2003, ilifungua Mfuko wa Umoja mwaka 2005, na leo UTT AMIS inaendesha mifuko kadhaa ambayo mtu huingia kwa kununua vipande, kwa kiasi anachokimudu hata muuza mboga. Hatifungani za serikali zinanunuliwa kuanzia Sh1,000,000, kwa muda wa miaka 2 hadi 25, na riba hulipwa mara mbili kwa mwaka. Kenya ilijaribu mwaka 2017 kuwauzia wananchi hatifungani kwa simu kupitia M-Akiba, kuanzia Sh3,000 za nchi hiyo.

Hatari ni kwamba swali la “niweke wapi” linamwalika anayejitolea kutoa jibu la neno moja. Akilitoa amevuka mipaka miwili. Wa kwanza ni wa kisheria. Chini ya Sheria ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ya mwaka 1994, anayefanya biashara ya kushauri watu kuhusu hisa na dhamana lazima awe na leseni ya mamlaka husika, CMSA, na Kenya ina mamlaka yake yenye kazi hiyo. Kueleza hatifungani ni nini ni elimu. Kumwambia mjane auze kiwanja anunue hisa za kampuni fulani ni jambo jingine, hata kama hukumtoza senti.

Mpaka wa pili ni wa akili ya kawaida, na somo lake zuri lilitolewa Kenya mwaka 2008. Serikali ilipouza hisa za Safaricom kwa Sh5 kila moja, zaidi ya Wakenya 800,000 walijitokeza, wengi wakiwa hawajawahi kumiliki hisa. Baadhi walikopa benki ili wanunue, wakitarajia kuuza wiki chache baadaye kwa bei ya juu. Maombi yalizidi hisa zilizokuwepo, watu wakapata pungufu ya walizoomba, na mapema mwaka 2009 bei ilikuwa imeporomoka hadi chini ya Sh3. Waliokopa waliuza kwa hasara walipe benki. Waliotumia pesa wasiyoihitaji karibuni walikaa kimya, wakapokea gawio, na mwaka 2021 wakaiona hisa ileile ikipita Sh40. Hata hapo haikutulia, kwani ndani ya miaka miwili bei ilikuwa imeshuka tena chini ya nusu ya kiwango hicho.

Mshauri wa bure angesaidiaje mwaka ule? Angesema “nunua”, angekuwa amewaponza waliokopa. Angesema “usinunue”, angewanyima wavumilivu. Msaada wa kweli ulikuwa katika maswali mawili ambayo mtu yeyote makini angeweza kuyauliza bila kujua lolote kuhusu kampuni ya simu: pesa hii ni yako au ya kukopa? Na utaihitaji lini? Kwa hatifungani ya miaka 25 swali la pili ndilo lile lile. Inaweza kuuzwa sokoni kabla ya muda, lakini kwa bei ya siku hiyo, na bei ya siku hiyo haimjali mtu mwenye ada ya Januari. Kwa upande wa pili, pesa inayolala chini ya godoro nayo inapungua. Mfumuko wa bei Tanzania katika miaka ya karibuni umekuwa kati ya asilimia 3 na 5, na hata kwa kiwango cha asilimia 4, laki moja iliyofichwa miaka kumi inabaki na uwezo wa kununua wa takriban Sh68,000 za leo.

Kwa hiyo mpangilio wa maswali ndio mtaala: deni ghali limeisha? Kuna akiba ya dharura? Pesa hii itakaa muda gani? Nani anasimamia hiyo taasisi, na leseni yake iko wapi? Jina la mfuko au kampuni huja mwisho, na anayepaswa kulitaja ni mwenye pesa mwenyewe.

Imani ikigeuzwa bidhaa

Yote haya yanategemea kuaminiana, na hapo ndipo kuna shimo. Kati ya mwaka 2007 na 2009, maelfu ya Watanzania walipeleka pesa DECI, mpango uliowataka “wapande mbegu” na kusubiri mavuno makubwa kuliko ya benki yoyote. Waliouongoza walikuwa wachungaji. Serikali ilipousimamisha mwaka 2009, baadhi ya waliopanda waliilaumu serikali, kwa sababu waliwaamini wachungaji wao kuliko walivyowaamini watu wa Benki Kuu. Miradi ya aina hiyo imerudi mara nyingi tangu hapo, ikibadili lugha tu: leo ni matangazo ya kutazama kwenye simu, kesho ni sarafu za kidijitali.

Tusijidanganye kwamba mipango hiyo na kujitolea ni vitu vinavyotofautishwa kirahisi na mwanachama wa kawaida. Vyote viwili huja kwa sura ya ndugu anayekutakia mema. Vyote hufanyika bure, ukumbini, baada ya ibada. Mleta upatu wa piramidi naye husema hataki chochote kwako, anataka tu ufanikiwe kama yeye. Tofauti inaonekana ukifuata pesa: akijiunga mtu leo, je, huyu anayeeleza anapata kitu? Anapokea pesa kwa namba yake ya simu? Akishindwa kujibu hayo mbele ya kikundi, kikundi kimeshapata jibu.

Hii ndiyo sababu kanuni ya kutoshika pesa ya mtu haina msamaha, hata kwa nia njema, hata kwa bibi asiyejua kutumia simu. Anayejitolea akianza “kumsaidia” mtu kutuma, kutunza au kukusanya, ameshakuwa taasisi ya fedha isiyo na leseni.

Je, elimu inabadili mtu?

Kuna shaka nyingine, ya wasomi, ambayo wapenda kujitolea hawapendi kuisikia. Mwaka 2014 Fernandes, Lynch na Netemeyer walikusanya matokeo ya tafiti nyingi kuhusu elimu ya fedha na kukuta kuwa ilieleza takriban asilimia 0.1 tu ya tofauti za tabia za watu kifedha, na kwamba kilichofundishwa husahaulika. Mwaka 2022 Kaiser, Lusardi, Menkhoff na Urban walichambua majaribio 76 yaliyofanywa kwa kuwagawa washiriki kwa bahati nasibu, na wao wakakuta athari nzuri inayopimika, katika maarifa na katika tabia. Mjadala haujafungwa, lakini kwa anayejitolea mafunzo mawili yanajitokeza.

La kwanza ni wakati. Semina ya Machi kuhusu mikopo haimsaidii mtu anayekopa Oktoba. Mtu anakumbuka anachohitaji siku anayokihitaji. Kwa hiyo kikundi kinachokutana na mwelimishaji dakika 15 kila mkutano kinapata zaidi ya kile kilichofanyiwa warsha ya siku tatu yenye bango na chakula cha mchana.

La pili ni urahisi. Katika Jamhuri ya Dominika, Drexler, Fischer na Schoar waliwapa wafanyabiashara wadogo mafunzo ya aina mbili. Wengine walifundishwa uhasibu wa kawaida. Wengine walipewa kanuni chache za mkononi, mfano kuweka pesa ya biashara na ya nyumbani katika mifuko tofauti. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2014 yalionyesha kuwa kanuni za mkononi ndizo zilizoboresha namna watu walivyoendesha pesa zao, huku uhasibu ukiacha alama ndogo. Kwa muuza nguo wa Kariakoo hiyo maana yake ni pochi mbili na mshahara anaojilipa mwenyewe Jumamosi, kabla hajasikia neno mizania.

Na kuna nyakati ambapo hakuna elimu itakayotosha. Nchini Indonesia, Cole, Sampson na Zia walikuta kwamba mafunzo hayakuwafanya watu wengi zaidi wafungue akaunti, ila ruzuku ndogo ya kufungulia ilifanya hivyo. Mlinzi anayelipwa Sh150,000 kwa mwezi, akilea watoto wanne, hakosi nidhamu, anakosa pesa. Mwenye kujitolea asiyelikubali hilo ataishia kuwalaumu maskini kwa umaskini wao.

Kujitolea nako kuna bei

Nauli ya mwelimishaji kutoka Mbagala hadi Bunju analipa nani? Vocha ya simu? Jumapili zake? Miradi mingi ya kujitolea hufa kimya kwa kuwa swali hili liliachwa kwa mioyo ya watu. Afya ya jamii imeshalipitia: wahudumu wa vijijini waliofanya kazi bure kwa miaka mingi walichoka, na mwaka 2023 Kenya iliwapokea rasmi wahudumu 100,000 wa ngazi ya jamii kwa posho ya kila mwezi.

Zanzibar ilitoa jibu jingine. Mradi wa CARE ulipokwisha, vikundi havikufa. Viliongezeka, kwa sababu wakufunzi wa vijijini waliendelea kuunda vipya na kulipwa kiasi kidogo na vikundi vyenyewe. Mfumo wa wakufunzi kulipwa na kikundi umetumika pia kwingineko Afrika Mashariki. Faida yake ni kwamba anayelipa ndiye anayehudumiwa. Kasoro yake ni kwamba kikundi maskini kabisa hakina cha kulipa, na mkufunzi anayelipwa kwa idadi ya vikundi ataunda vingi kuliko anavyoweza kuvilea.

Benki na kampuni za simu nazo hulipia elimu ya fedha, na wafanyakazi wao hujitolea. Si vibaya. Ila mafunzo yanayoishia kwenye meza ya kufungulia akaunti ya mfadhili ni matangazo, na yaitwe hivyo.

Nchi nyingine zimejenga kuta kuzunguka wanaojitolea. Marekani, kwa zaidi ya nusu karne, watu wa kawaida wamewasaidia wenye kipato kidogo kujaza fomu za kodi kupitia mpango wa VITA. Lazima wafaulu mtihani, kila fomu inakaguliwa na mtu wa pili, hawaruhusiwi kupokea malipo, na kesi ngumu wanaikataa na kumwelekeza mtu kwingine. Uingereza, vituo vya Citizens Advice vilifunguliwa mwaka 1939 vita ilipoanza, na mpaka leo hutegemea maelfu ya wanaojitolea. Lakini ushauri wao wa madeni uko chini ya usimamizi wa kisheria. Katika nchi zote mbili moyo wa mtu haukuaminiwa peke yake. Uliwekewa mtihani, mkaguzi na mahali pa kusema “hili siliwezi”.

Kwetu kuta hizo zinaweza kujengwa kwa gharama ndogo. Kikundi kinachompokea mwelimishaji kimtake atangaze mbele ya wote nani anamlipa nauli na kama anauza chochote. Asishike pesa wala nywila ya mtu. Aeleze aina za uwekezaji na asichague kampuni. Waje wawili wawili, mmoja akikosea mwenzake amsahihishe. Awe na orodha ya mahali pa kumpeleka mwenye tatizo kubwa: ofisa maendeleo ya jamii wa kata, wakala mwenye leseni, msaada wa kisheria, polisi. Na kazi yake ipimwe kwa kitu kinachoonekana, kama madeni ghali yaliyolipwa na vikoba vilivyovunjwa bila ugomvi, badala ya idadi ya waliohudhuria na kupigwa picha.

Mwenye masharti hayo, hata akiwa na cheti cha kidato cha nne na kikokotoo cha simu, ana faida kwa mtaa wake kuliko mtaalamu mwenye kamisheni. Asiye nayo, hata awe na shahada tatu, kikundi kina haki ya kumshukuru na kumwomba asirudi. Serikali inaweza kutoa leseni na mtaala, wafadhili wanaweza kutoa vitabu, lakini swali la anayekushauri analipwa na nani litaulizwa na wanachama wenyewe au halitaulizwa kabisa. Kikoba kinachojua kuuliza hivyo kimeshahitimu sehemu ngumu ya elimu ya fedha.